Kabla Hujamfuata Wakili: Mwongozo Kamili wa Kulinda Jina, Nakshi na Mikataba ya Biashara Lamu na Malindi

Mteja huingia na simu mkononi. Hajakaa vizuri kitini keshaifungua, ananionyesha ukurasa wa duka la Nairobi linalouza makubadhi yenye jina lake, herufi kwa herufi. "Wakili, huyu kaniibia jina." Namuuliza kama amelisajili. Ananitolea karatasi mbili kwenye mfuko wa plastiki: leseni ya biashara ya kaunti na cheti cha jina la biashara. Hapo nalazimika kumwambia neno asilotaka kulisikia. Karatasi zote mbili ni halali, lakini hakuna hata moja inayomkabidhi lile jina.

Leseni inamruhusu kufungua mlango wa duka. Cheti cha jina la biashara kinaijulisha serikali nani yuko nyuma ya jina hilo, basi. Jina linalokaa juu ya bidhaa na kumvuta mteja ni alama ya biashara, na alama husajiliwa KIPI (Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya), taasisi nyingine kabisa, kwa sheria nyingine kabisa. Yule wa Nairobi akitangulia kusajili, mwenye jina wa Langoni, Lamu, ndiye atakayekuwa akijieleza.

Nimeandika haya kwa ajili ya fundi, mama wa achari, mwenye jahazi la watalii, mchoraji na mwenye nyumba ya wageni. Hiyo ndiyo kazi yangu Malindi, na mara moja moja huvuka kwa boti kutoka Mokowe kuwafuata wateja wa Lamu. Sheria nizitajazo ni za Kenya.

Hatua ya kwanza: tandaza mkeka, mwaga ulicho nacho

Kabla ya kutoa hata shilingi, andika vitu vyako vyote visivyoshikika. Tumchukue mama mmoja wa Mkomani anayetengeneza achari ya maembe. Jina lililo kwenye chupa ni alama ya biashara. Mchoro wa lebo ni hakimiliki. Umbo la chupa, kama kalibuni yeye, ni muundo wa kiviwanda. Kipimo cha pilipili, siki na bizari ni siri ya biashara. Makubaliano na hoteli ya Shela inayochukua chupa zake kila mwezi ni mkataba. Chupa ni moja, mambo ni matano, na kila moja lina mlango wake. Watu wengi hupoteza fedha kwa kubisha mlango usio wao: wanataka "hataza" (haki ya uvumbuzi) ya jina, au "hakimiliki" ya mapishi.

Ukimaliza, tenga kisicho chako. Hapa nikawie kidogo, kwa sababu ndipo mafundi wetu wanapokasirika. Seremala alinijia akitaka jirani yake azuiwe kuchonga waridi fulani juu ya vizingiti vya milango. Nilimuuliza aliliona wapi mara ya kwanza. Akanyamaza, kisha akacheka: kwenye mlango wa nyumba ya babu yake. Nakshi za milango, kazi ya njumu, kofia za vito, ususi wa mikeka, haya ni mali ya watu wa mwambao kwa jumla. Mtu mmoja hawezi kuyafungia sandukuni mwake. Kinachoweza kuwa chako ni mchoro wako mwenyewe, ule uliouzaa kutoka nakshi hizo kwa mkono wako na jicho lako.

Mali ya wote haina maana ya mali isiyo na mwenyewe. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "Kikoy" huko kwao liwe alama yake. Kwetu kikoi ni nguo, na neno ni la kila mtu, toka mvuvi hadi bwana harusi. Pingamizi likawekwa na ombi halikufika popote. Miaka kumi baadaye Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni, namba 33 ya 2016, inayozipa kaunti kazi ya kuweka rejista ya maarifa hayo. Nayo Katiba, katika kifungu cha 11, inataka jamii zilipwe utamaduni wao unapotumiwa. Kwa hiyo jambo lenu likiwa la mji mzima au la ukoo mzima wa mafundi, msije kwangu mmoja mmoja. Jiungeni kwanza, ushirika au kikundi kilichosajiliwa, ndipo mzungumze na kaunti mkiwa sauti moja.

Hatua ya pili: jalada huanzia karakanani

Kesi ya mali ya ubunifu hushinda au hushindwa kwa tarehe. Nani alianza, lini, na nani aliona. Wakili hawezi kukutengenezea tarehe, anaweza kuzipanga tu.

Chukua daftari moja. Kila unapobuni kitu, kichore au kipige picha, uandike siku na uweke saini. Hifadhi risiti za kwanza zenye jina lako, hata kama ziliandikwa kwa mkono. Taarifa za M-Pesa ni ushahidi mzuri kuliko watu wanavyodhani, maana zinaonyesha mauzo, siku na kiasi. Picha za maonyesho ya Maulidi au ya tamasha la utamaduni ambapo meza yako inaonekana na kibao chake, weka. Barua pepe ya mgeni aliyeandika kutoka Milano akitaka jozi nyingine mbili, weka pia, kwani inathibitisha kwamba jina lako limevuka bahari.

Na usiiuze simu ya zamani. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inakubali rekodi za kielektroniki, lakini huambatana na hati inayoeleza zilitolewa kwenye kifaa gani na kwa njia gani. Mteja anayeniletea picha ya skrini iliyokwisha kupita simu tatu ananipa kazi ya kuomba radhi mahakamani. Kwa mlaghai wa mtandaoni, piga picha ukurasa mzima ukionyesha anwani na tarehe siku hiyo hiyo unapouona. Kesho ataufuta.

Agiza pia bidhaa yake moja, ulipe, utunze risiti na kifurushi chenyewe bila kukichana ovyo. Chupa iliyo mezani mbele ya hakimu husema zaidi ya kurasa ishirini.

Hatua ya tatu: jina

Anza na jina lenyewe, kwa sababu majina mengine hayalindiki hata ukilipa wakili bora. Jina linaloeleza bidhaa ni dhaifu: "Achari Tamu" haizuii mtu mwingine kusema achari yake ni tamu. Jina la mahali ni dhaifu vilevile. Usitarajie kupewa neno "Lamu" peke yake. Msajili akikubali alama yenye neno hilo, huenda akakutaka ukiri kwamba hudai haki ya kulitumia peke yako. Najua inauma, kwa sababu "Lamu" ndilo linalouza. Basi liache likae pembeni kama anwani, na jina lenyewe liwe jingine. Achari inayoitwa "Kishada", kwa mfano, ina jina lenye nguvu, maana kishada hakina uhusiano wowote na maembe wala pilipili.

Pili, tafuta kama limeshachukuliwa. KIPI hufanya upekuzi rasmi kwa fomu ya TM 27, na malipo hupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Usiruke hatua hii kwa kuona kwamba hujawahi kulisikia jina hilo sokoni. Rejista imejaa majina ambayo hayajawahi kufika Lamu.

Tatu, chagua daraja. Bidhaa na huduma zote duniani zimegawanywa katika madaraja 45, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma, na ulinzi wako hukaa ndani ya daraja ulilolipia. Achari ni daraja la 29, halua na viungo la 30, makubadhi na kanzu la 25, mabegi la 18, udi na manukato la 3, vito la 14, samani la 20, mikeka la 27. Safari za jahazi ziko 39, vyumba vya kulala wageni na chakula 43. Kosa la kawaida ni mwenye nyumba ya wageni kusajili 43 peke yake ilhali faida yake kubwa inatoka kwenye fulana na sabuni zenye jina la nyumba. Kosa jingine ni kusajili madaraja saba kwa fahari. Alama isiyotumika kwa miaka 5 mfululizo inaweza kuombewa iondolewe, na kila daraja lina ada yake.

Nne, ombi lenyewe, fomu TM 2, pamoja na nakala safi ya alama. Msajili ataichunguza, anaweza kukuandikia maswali, ujibu ndani ya muda uliopewa. Akiridhika, alama hutangazwa katika jarida la KIPI, na hapo kwa siku 60 mtu yeyote anaweza kuweka pingamizi. Zikipita salama, unapata cheti. Ulinzi ni miaka 10 na huhuishwa kila miaka 10 bila kikomo. Mkenya anayeishi nchini anaweza kuomba mwenyewe bila wakili. Nawaambia wateja hivyo waziwazi, ingawa wenzangu hawanipendi kwa hilo. Pale unapohitaji mtu ni kwenye maswali ya msajili na kwenye pingamizi.

Tano, na hili ndilo linalovunja udugu: cheti kitaandikwa jina la nani? Karakana ya baba ina wana watatu. Mkubwa, kwa kuwa ndiye mwenye akaunti ya eCitizen, anasajili kwa jina lake. Baba akifariki, wadogo wanagundua kwamba jina la ukoo ni mali ya kaka. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa na intaneti tu. Msajili hajui mambo ya nyumbani, anajua kilichoandikwa. Kama biashara ni ya wote, fungueni kampuni au ushirika, alama iwe ya chombo hicho, na hisa zigawanywe mkiwa hai na mkizungumza. Alama ni mali kama shamba la minazi: inarithiwa, inauzwa, inaweza kukodishwa.

Kuhusu ng'ambo. Cheti cha Kenya kinaishia mpakani. Ukipeleka mzigo Tanzania, kumbuka bara wana msajili wao na Zanzibar wana wao, kwa hiyo cheti cha Dar es Salaam hakikusaidii Unguja. Kwa Italia au Uingereza kuna njia ya Itifaki ya Madrid, ambayo Kenya imo tangu 1998: ombi moja kupitia KIPI, ukitaja nchi unazozitaka. Na ukiomba nchi nyingine ndani ya miezi 6 tangu ombi lako la kwanza, unaweza kudai tarehe ile ile ya mwanzo. Usisajili Ulaya kwa ajili ya mtalii mmoja aliyesifu. Sajili pale penye mnunuzi wa jumla.

Hatua ya nne: hakimiliki, na mtego wa kazi ya kuagizwa

Hakimiliki huzaliwa yenyewe. Ukichora, ukapiga picha, ukaandika shairi la kanga au ukatunga wimbo, haki ni yako tangu kazi ilipopata umbo, bila cheti. Inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya mwaka wa kufa kwako. Kwa picha za kamera ni miaka 50 na haihesabiwi kwa umri wako. Sheria inaihesabu kazi ya sanaa ya mkono pia. Kuandikisha kwa Bodi ya Hakimiliki ni hiari, lakini nashauri ufanye, kwa sababu ile ile ya daftari: tarehe.

Mtego ni huu, na nimeuona ukimnasa mchongaji mzuri. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema kazi ikiwa imeagizwa na mtu, au imefanywa na mwajiriwa kazini, haki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine. Soma tena. Mwenye hoteli akikuagiza umbunie nakshi mpya ya mlango wa mapokezi, akakulipa, na hamkuandika kitu, basi mchoro ule ni wake. Anaweza kuupeleka kwenye mashuka, menyu na tovuti bila kukupa senti, na wewe ukiurudia kwenye mlango wa mteja mwingine, ni wewe utakayeandikiwa barua. Wapigapicha wa harusi na wachoraji wa nembo, nanyi mmo.

Dawa yake ni sentensi moja kwenye karatasi ya arubuni: "Hakimiliki ya mchoro inabaki kwa fundi. Mteja anaruhusiwa kuutumia kwenye mlango huu pekee." Saini mbili, tarehe. Na ukitaka kweli kuuza haki yenyewe, iandikwe na itiwe saini pia, maana uhamisho wa hakimiliki kwa mdomo hauna nguvu. Bei iwe tofauti: bei ya mlango na bei ya mchoro ni vitu viwili. Haki ya kutajwa kuwa wewe ndiye uliyeifanya kazi hubaki nawe hata baada ya kuuza.

Upande wa pili wa shilingi: ukiwa wewe ndiye mwenye hoteli, mtego huu unakufaa, lakini usiutegemee. Mchoraji aliyechora nembo yako "kwa urafiki" bila malipo, je, uliagiza au alikupa zawadi? Andika.

Hatua ya tano: umbo, uvumbuzi na siri

Hapa napita upesi. Umbo jipya la bidhaa, kama kiti au taa ya mbao, husajiliwa KIPI kama muundo wa kiviwanda, kwa miaka 5 inayoweza kuongezwa mara mbili, jumla 15. Sharti ni upya, kwa hiyo sajili kwanza, weka Instagram baadaye. Uvumbuzi wa kiufundi huombewa hataza ya miaka 20, au cheti cha uvumbuzi mdogo cha miaka 10 ambacho kwa mafundi wetu wa mashine na boti mara nyingi ndicho kinachofaa. Siri hailindwi kwa kusajiliwa, inalindwa kwa kunyamaza na kwa kumsainisha mfanyakazi ahadi ya kutoitoa nje. Mama wa achari anayepika mbele ya wapwa wanne na jirani hana siri.

Hatua ya sita: mali kauli iwe mali maandishi

Biashara ya mwambao imekaa juu ya mali kauli. Unampa mtu bidhaa, anauza, anakuletea fedha zako, na kilichowafunga ni neno. Baba zetu waliendesha majahazi kwa mtindo huo hadi Arabuni na Bara Hindi, na sitawadharau. Lakini wao walijuana, na aliyevunja neno alikosa pa kutia nanga. Duka la zawadi la hoteli linabadilisha meneja kila msimu. Meneja mpya hajui neno lako na yule wa zamani.

Karatasi ya mali kauli haihitaji kuwa ndefu. Iorodheshe bidhaa ngapi, bei ya kila moja, asilimia ya duka, siku ya kuhesabiana, nani anabeba hasara zikiibiwa au zikiloa, na kwamba mali ni yako hadi ilipwe. Iseme pia duka haliruhusiwi kung'oa lebo yako na kubandika yake. Hilo la mwisho wengi hulisahau, na ndilo chanzo cha nusu ya majalada yangu ya alama za biashara: hoteli ilianza kwa kununua, ikabandika lebo yake, msimu wa tatu ikampata fundi wa bei nafuu, na jina lililojulikana na wageni likawa la hoteli.

Mkataba wa Kiswahili ni halali. Mahakama ya hakimu husikiliza kwa Kiingereza au Kiswahili. Ukifika Mahakama Kuu utatafsiriwa kwa Kiingereza. Malindi tuna balaa la ziada, mikataba ya Kiingereza upande mmoja na Kiitaliano upande wa pili. Sainini, lakini pawe na mstari unaosema lugha ipi inatawala zikigongana. Na usitie saini nakala usiyoielewa kwa kuona haya mbele ya mgeni. Mwambie unaipeleka nyumbani usiku mmoja. Mshirika wa kweli atangoja.

Mambo mengine ya kuangalia kwa mshirika wa nje: sheria ya nchi gani itatumika, na ugomvi utasikilizwa wapi. Kifungu cha "mahakama za Milano" kwa mtu wa Langoni ni sawa na kusamehe deni mapema. Jina la tovuti na kurasa za mitandao zimefunguliwa na nani, kwa simu ya nani? Mkiachana, mwenye nenosiri huondoka na wateja. Angalia pia kama anakutaka uwe mdhamini wa deni la kampuni. Dhamana ya deni la mwingine lazima iwe ya maandishi yenye saini ili ikufunge, kwa hiyo kalamu yako ndiyo lango. Ifunge.

Hatua ya saba: kumchagua wakili na kumlipa

Wageni wa Shela huniuliza kama mimi ni barista au solisita. La kwanza vijana wa Malindi siku hizi hulijua kwa mtengeneza kahawa. Uingereza kazi imegawanywa, solisita huandaa jalada na kumshauri mteja, barista husimama mahakamani kutetea hoja. Kenya wakili ni mmoja, hufanya yote mawili. Ila shauri lako likifika London, mimi nitampata mwenzangu wa kule, naye atamtafuta huyo barista, na utalipa tabaka tatu. Jua hivyo kabla ya kusema "tupambane hadi mwisho".

Hakikisha ana cheti cha kufanya kazi cha mwaka huu. Chama cha Wanasheria kina upekuzi wa bure mtandaoni, andika jina uone. Kisha muulize mambo mawili bila kuona haya. Umewahi kushughulikia alama za biashara? Wakili hodari wa ardhi anaweza kuwa mgeni kabisa KIPI. Na: je, unamwakilisha yule ninayemlalamikia, au kampuni yake, au ndugu yake? Mji ni mdogo. Mimi mwenyewe nimewahi kumrudisha mteja mlangoni kwa sababu hiyo, na kumwelekeza kwa mwenzangu Mombasa.

Ada: kuna amri ya sheria inayopanga kiwango cha chini, na wakili haruhusiwi kushuka chini yake, kwa hiyo ukiahidiwa bei ya kutupa, jiulize kwa nini. Hawezi pia kukubaliana nawe kwamba atalipwa endapo tu mtashinda, makubaliano hayo ni batili. Anachoweza, na unachopaswa kudai, ni makubaliano ya ada kwa maandishi: kazi ipi imo na ipi haimo, ada za KIPI na za mahakama nani anatoa, na kodi ya VAT ya asilimia 16 imeshahesabiwa au la. Nusu ya malalamiko dhidi ya mawakili ninayoyasikia barazani si ya wizi, ni ya kutoelewana kuhusu nauli na ada za serikali.

Ukija, njoo na daftari, vyeti, bidhaa yako, bidhaa yake, na ukurasa mmoja ulioandika mambo yalivyotokea kwa mpangilio wa tarehe. Ukurasa huo unakupunguzia saa nzima ya kulipia. Usifiche barua mbaya uliyomwandikia kwa hasira. Yeye anayo, ataitoa siku ya kesi.

Hatua ya nane: ugomvi umezuka

Barua ya dai kwanza. Ieleze haki yako, kosa lake, unachotaka na siku za kujibu. Barua nzuri ni ya ukurasa mmoja na nusu na haina matusi. Wengi huishia hapa, hasa wenye maduka ambao walinunua mzigo bila kujua. Ila usimtishie kwa usajili usiokuwa nao, atakagua rejista jioni hiyo hiyo.

Kama hukusajili alama, huwezi kushtaki kwa kuvunjwa alama. Umebakiwa na dai la kujivika jina la mwenzio, ambapo lazima uthibitishe kwamba jina lako lilikuwa linajulikana, kwamba yeye aliwapotosha wanunuzi, na kwamba ulipata hasara. Linawezekana. Ni refu na ghali, na ndipo zile taarifa za M-Pesa na barua ya Milano zinapofanya kazi.

Mahakama ipi? Kesi ya kuvunjwa alama iliyosajiliwa ni ya Mahakama Kuu. Kwa sisi wa Malindi, ipo mjini hapa. Deni la bidhaa lisilozidi shilingi milioni 1 ni la Mahakama ya Madai Madogo, huhitaji wakili, na sheria inataka liamuliwe ndani ya siku 60. Madai ya mkataba makubwa kuliko hayo huanzia kwa hakimu, na hakimu mkuu ana uwezo hadi shilingi milioni 20. Bidhaa ghushi ni kosa la jinai pia, kwa Sheria ya 2008, na kuna mamlaka maalumu ya kuzikamata.

Watu wa Lamu huuliza kuhusu kadhi, na swali ni la haki kwa sababu wanamwamini. Kadhi anasikiliza mambo ya ndoa, talaka, hali ya mtu na mirathi baina ya Waislamu. Mkataba wa makubadhi hayumo. Lakini wale ndugu watatu na alama ya marehemu baba, swali la nani anarithi fungu gani linaweza kufika kwake.

Ukitaka yule mtu azuiwe kuuza wakati kesi inaendelea, omba amri ya zuio. Tangu uamuzi wa Giella dhidi ya Cassman Brown wa 1973, mahakama hutazama kama una kesi yenye msingi, kama utapata hasara isiyoweza kufidiwa kwa fedha, na ikiwa bado ina shaka, mizani inaelemea upande gani. Anayekuja haraka husikika. Anayekuja baada ya mwaka wa kutazama huulizwa alikuwa wapi.

Na kuna ukomo: dai la mkataba miaka 6, dai la madhara kama la kujivika jina miaka 3. Miaka inapita upesi kwenye barua za "tuzungumze baada ya Ramadhani".

Kabla ya kulipa ada ya mahakama, jaribuni upatanishi. Nimeshuhudia kesi ya lebo iliyokula miaka miwili ikamalizwa alasiri moja, baada ya mpatanishi kuwauliza pande mbili kitu ambacho hakuna wakili aliyeuliza: kila mmoja anauza chupa zake wapi? Mmoja aliuza kwa watalii, mwingine madukani bara. Wakagawana masoko na mipaka, wakaandika, wakaisajili hati ile mahakamani. Mmoja aliniagizia chupa sita za achari nilipokuwa narudi jetini. Zote zilikuwa na lebo mpya, na nyuma yake, kwa herufi ndogo, namba ya usajili na mwaka wa kuhuisha.